Hawa Wote ni wa Kahawia Tu

Julai mwaka juzi nilitoka zamu tatu za usiku mfululizo. Wauguzi wenzangu wanajua zamu ya tatu inavyomwacha mtu: mwili umefika nyumbani, akili bado iko wodini. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, jua lilikuwa linawaka, na nilikuwa nimeshamwahidi binti yangu kwamba tutakwenda Runsa. Alikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa hasahau ahadi.

Kwa wasioijua Upplands Väsby, ni manispaa iliyo kaskazini mwa Stockholm, kwenye reli ya kwenda Uppsala. Wengi huiona dirishani tu wakielekea uwanja wa ndege wa Arlanda. Runsa iko upande wa ziwa Mälaren: hifadhi yenye msitu na malisho, mabaki ya ngome ya kale juu ya mwamba, na mawe yaliyopangwa kwa umbo la merikebu. Tulikuwa tunapita ukingoni mwa msitu, mimi mbele nikiwaza kitanda, yeye nyuma na kitabu cha vipepeo alichoazima maktaba.

"Mama, njoo. Huyu ni yupi?"

Niligeuka. Vipepeo watatu au wanne walikuwa wanapepea chini chini juu ya majani, weusi weusi, hawana hata rangi moja ya kumfanya mtu asimame. Nikasema, "Hawa wote ni wa kahawia tu, mwanangu. Twende."

Hakusogea. Akaniangalia, kisha akasema kwa Kiswidi, maana akikasirika Kiswahili humkimbia: "Unaongea kama yule mwalimu."

Habari ya mwalimu ni hii. Mwezi Mei darasa lao lilipata mwalimu wa muda. Wasichana weusi darasani wako wawili. Mwenzake asili yake ni Gambia, ni mrefu kuliko wangu kwa kichwa kizima na anasuka nywele ndefu. Wangu ana nywele fupi na miwani. Mwalimu akamrudishia binti yangu mtihani wa hesabu wa mwenzake. Akamwita kwa jina la mwenzake, akasahihishwa, kesho yake akamwita tena kwa jina lile lile, na safari hii watoto wakacheka. Aliponieleza nilikuwa nakaanga samaki. Nikamwambia ni kusahau tu, apuuze.

Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo ninavyofanya mwenyewe. Kazini tuko wawili pia. Mwenzangu ni Mwiritrea, mwembamba, amenizidi miaka kumi na tano. Kuna daktari aliwahi kunisimamisha koridoni na kuniuliza kwa ukali kwa nini dripu ya mgonjwa fulani haikubadilishwa, mgonjwa ambaye sikuwahi kumgusa. Nikaeleza kwa upole. Akasema "jaha", akaenda zake. Hata samahani hakusema, na mimi sikuidai. Na huku kazi yetu yote imejengwa juu ya kutomchanganya mtu na mtu: hatumpi mgonjwa hata panadol kabla ya kumuuliza jina na namba yake ya utambulisho, na kusoma mkanda wa mkononi. Sura haitoshi. Hilo nimefundishwa mara mbili, kwenye diploma nyumbani na kwenye digrii huku.

Basi nikarudi nyuma, nikachuchumaa kwenye majani.

Picha niliyopiga siku ile haikufaa kitu: kitu cheusi juu ya jani, mabawa wazi, mwanga umekolea. Jioni tukafungua kitabu mezani. Kumbe Waswidi wana kundi zima wanaloliita gräsfjärilar, yaani vipepeo wa nyasi, kwa kuwa viwavi wao hula nyasi. Karibu wote ni wa kahawia. Ukifunua ukurasa ni kahawia, ukifunua mwingine ni kahawia. Binti yangu akasema huyu, mimi nikasema yule, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikampigia mama.

Mama yangu yuko wilaya ya Muheza, kijiji kilicho jirani na msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Wanakijiji wa huko, wengi wao akina mama, walifuga vipepeo wa msituni kwenye vibanda vya neti na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mama alifanya kazi hiyo miaka mingi, na sehemu ya ada yangu ilitoka kwenye vibanda vile. Mwaka 2016 serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, vipepeo nao waliingia humo, na neti zetu zikabaki kuanikia mahindi. Pupa waliuzwa kwa majina ya kisayansi, kwa hiyo mama, aliyeishia darasa la saba, hutamka Charaxes kama anavyotaja jina la shemeji yake.

Nikamwonyesha picha. Akaivuta karibu, akaguna.

"Umeniletea mgongo. Tumbo la bawa liko wapi?"

"Tumbo lipi, mama?"

"Upande wa chini. Kipepeo akitua hufumba mabawa, huko chini ndiko kwenye habari zake. Mgongo wa kahawia ni mgongo tu. Mpe bibi simu nizungumze na mjukuu wangu." Aliposema bibi alimaanisha binti yangu; nyumbani ndivyo anavyomwita. Wakaongea nusu saa, kwa Kiswahili, mimi nikaenda kulala.

Wiki mbili zilizofuata tulitoka karibu kila siku ambayo sikuwa zamu. Nitawaeleza tuliyoyajua, maana wazazi wengi wanaosoma hapa wana watoto wenye likizo ndefu na mifuko mifupi, na msitu hautozwi kiingilio. Sheria ya Uswidi inamruhusu kila mtu kutembea porini, ila msikamate: hifadhi nyingi zinakataza kukusanya wadudu, someni ubao wa pale mnapoingilia. Simu yenye kamera inatosha.

Mweusi kuliko wote, na mwenye kuonekana kila mahali Julai, ni luktgräsfjäril. Neno lukt ni harufu. Nimemsogelea kadiri ya uwezo wangu na sikunusa kitu. Juu ni kahawia iliyokolea kama kahawa isiyo na maziwa, na pembeni mwa bawa kuna mstari mwembamba mweupe, kama upindo uliopigwa cherehani vizuri. Akifumba mabawa ndipo utashangaa: macho meusi yenye nukta nyeupe katikati na duara la njano kuzunguka, kwa kawaida matano kwenye bawa la nyuma, mawili yamekaa juu na matatu chini. Huruka hata siku ya mawingu, wakati wenzake wamejificha. Na jike hana haja ya kubandika mayai kwenye jani. Huyaachia tu yadondoke kwenye nyasi. Binti yangu aliona huo ni uzembe. Nikamwambia mwenye nyasi kila upande anajua anachofanya.

Slåttergräsfjäril amepewa jina la msimu wa kukata majani ya mifugo. Huyu ana baka la rangi ya machungwa kwenye bawa la mbele, na ndani yake jicho moja jeusi lenye nukta moja nyeupe. Sema jike ndiye mwenye baka kubwa. Dume mara nyingi ni kahawia tupu na hilo baka limefifia, na hapo ndipo tulipokwama siku mbili nzima, tukidhani ni vipepeo wa aina mbili. Hatukuwa wa kwanza. Carl von Linné, mzee aliyevipa viumbe majina tunayotumia mpaka leo, alikuwa akifundisha hapo Uppsala, mwendo wa nusu saa na kidogo kwa treni kutoka Väsby. Katika kitabu chake cha mwaka 1758 aliwataja jike na dume wa kipepeo huyu kama aina mbili tofauti: jike akamwita jurtina, dume akamwita janira. Nilipomsomea binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mtaalamu mkubwa, profesa, ameshindwa kujua kuwa hawa ni mume na mke! Jina lililobaki ni la mke.

Kvickgräsfjäril ni wa msituni, hutoka mapema, kuanzia Mei. Huyu ni rahisi: kahawia yenye madoadoa ya njano iliyopauka, kama mwanga unaopenya kwenye majani. Dume huchukua kipande cha ardhi kilichopigwa na jua na kukilinda. Akija mwingine wanapanda juu wakizungukana, kisha mmoja anaondoka. Mwaka 1978 mtafiti Mwingereza, N. B. Davies, aliandika kwamba mwenyeji hushinda kila mara, na kwamba ukiwafanya wote wawili waamini kuwa ni wenyeji, ugomvi unarefuka sana. Nilisoma hilo mara mbili, mtaelewa kwa nini. Baadaye watafiti wengine, akiwemo Christer Wiklund wa Chuo Kikuu cha Stockholm, walipinga: wakasema si uenyeji unaomshindisha, bali wale wakali ndio wanaojikusanyia sehemu nzuri tangu mwanzo. Hapo mimi siamui.

Kwenye miamba kuna wawili wanaofanana kama mtu na mdogo wake, berggräsfjäril na vitgräsfjäril. Wote wawili wana jicho kubwa karibu na ncha ya bawa la mbele na hupenda kukaa juu ya jiwe lenye joto. Hapa kalenda inasaidia kuliko macho. Yule mdogo, wa berg, amepita majira ya baridi akiwa pupa, hivyo anatoka mapema, Mei na Juni. Mkubwa amepita baridi akiwa kiwavi, ana kazi ya kula kwanza, kwa hiyo anachelewa mpaka kiangazi kimeshika. Ukimwona mmoja wao katikati ya Julai, uwezekano mkubwa ni yule mkubwa.

Na wa siku ile Runsa? Tulimpata siku ya tano, pale pale ukingoni mwa msitu, kwenye ua la zambarau. Kwanza alifungua mabawa: kahawia nzito, na ndani yake mkanda wa rangi ya kutu inayoelekea nyekundu, wenye macho meusi yenye nukta nyeupe. Pembeni mwa mabawa hana mstari mweupe kama yule wa kwanza. Ana nyeupe na kahawia zilizopokezana, drafti kabisa, kama ukingo wa kikoi. Tukasubiri. Mgongo ulinikaza, mbu walinila. Hatimaye akafumba, na kwenye tumbo la bawa la nyuma kukatokea mchirizi mweupe unaoanzia ukingo wa mbele na kwenda katikati, haujanyooka, kana kwamba mtu amechovya kidole kwenye chokaa akapangusa.

"Skogsgräsfjäril!" Alipiga kelele mpaka akamfukuza. Kipepeo wa nyasi za msituni. Kisayansi Erebia ligea. Picha tulikuwa tumeshapata.

Ukoo wake, Erebia, ulipewa jina na Mswidi Johan Wilhelm Dalman mwaka 1816, kutokana na neno la Kigiriki la giza. Ni watu wa baridi hawa. Wengi wao huishi milimani, Alps na kwingineko, na hapa Uswidi yupo fjällgräsfjäril ambaye utamkuta kwenye milima ya kaskazini tu. Weusi wao una kazi: kipepeo hawezi kuruka mwili ukiwa baridi, na bawa jeusi lililotandazwa juani hupata joto upesi. Wetu huyu ndiye anayeshuka mpaka kwenye misitu ya kawaida, huku kwetu. Kwa Kiingereza wamempa jina la kisiwa cha Arran, Uskoti, ambako inadaiwa alionekana zamani, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba anaishi huko. Anabeba jina la mahali pasipo kwake.

Mama alipoona mchirizi mweupe alikubali kwa kichwa, kisha akasema hata wao wanao wa kahawia, wale wanaokaa chini ya mpera kunyonya mapera yaliyooza, ila hakuna mnunuzi aliyewahi kuwataka. Nilikwenda kusoma. Vipepeo wa kundi la Bicyclus ndio hasa wenye tabia hiyo, na mmoja wao, Bicyclus anynana, wa Afrika Mashariki na Kusini, huvaa nguo mbili. Anayekua wakati wa joto la mvua hutoka na macho makubwa kwenye tumbo la bawa. Anayekua kwenye ubaridi wa kiangazi hutoka na macho madogo mno, ili ajifiche vizuri kwenye majani makavu. Anafugwa kwenye maabara za Ulaya, ukoo ulioletwa kutoka Malawi mwaka 1988, na wanasayansi wamejifunza mengi kwake. Mama alisema kama angejua angewatoza zaidi.

Sasa, kwa kuwa mimi ni muuguzi, siwezi kuwapeleka watoto wenu kwenye majani marefu bila kusema habari ya kupe. Huku Stockholm na Uppland wako wengi, na wanaeneza magonjwa mawili makubwa. Moja ni TBE, virusi vinavyoshambulia ubongo; lina chanjo, na kwa anayeishi huku na kutembea porini nashauri achanje, asisubiri Julai. La pili ni borelia. Hilo halina chanjo ila lina dawa. Vaeni suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi hata kama mtoto ananung'unika kuwa anachekwa. Jioni mkagueni: nyuma ya magoti, kwapani, kinena, nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu. Usimpake mafuta, usimchome na kiberiti, tafadhali. Wekundu ukijitokeza siku kadhaa baadaye na kupanuka kama duara, pigeni 1177 au nendeni kituo cha afya. Na kwa wanaoogopa kwamba kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani haraka: ni kweli, kwa hiyo angalieni kwenye mwanga mzuri, na mwambieni daktari wazi kwamba mtoto alikuwa porini.

Tulimwandikisha kipepeo wetu kwenye Artportalen, mfumo wa taifa ambao mtu yeyote anaweza kuripoti mnyama au mmea aliouona. Unaendeshwa na Artdatabanken ya chuo kikuu cha kilimo, Uppsala. Unaweka jina, mahali, tarehe, na picha ukiwa nayo. Binti yangu alijaza mwenyewe. Jina la mwonaji aliliandika lote, na la babu yake, akalikagua herufi kwa herufi, kisha akanipa nikague tena.

Agosti shule zilipofunguliwa nilimwandikia barua mwalimu mkuu. Haikuwa ya ugomvi. Nilieleza lililotokea Mei, tarehe na yote, kwa namna tunavyoandika ripoti ya tukio kazini. Nilijibiwa kwa heshima. Mwalimu wa muda alikuwa ameshaondoka. Binti yangu aliuliza kama niliandika na jina la mwenzake. Nilikuwa nimeandika. Na kazini, daktari aliponiita tena kwa jina la mwenzangu, nilimwambia, "Huyo yuko zamu ya jioni. Mimi ni huyu," nikamwonyesha beji. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mwenzangu nilipomsimulia alicheka, akasema yeye amekuwa akiitwa kwa jina langu miaka miwili na alidhani mimi najua.

Mwaka jana, Julai, tulirudi Runsa tukiwa na kamera ya kuazima. Luktgräsfjäril walikuwa wamejaa. Wa machungwa walikuwepo, jike na dume. Skogsgräsfjäril hata mmoja. Binti yangu alidhani tumewaua kwa kelele zake. Tulirudi mara nne, bure, ndipo nikasoma kwamba kipepeo huyu huchukua miaka miwili kukua: majira ya baridi ya kwanza huyapita akiwa yai, ya pili akiwa kiwavi, na ndipo anatoka. Sehemu nyingi hutoka wote karibu kwa pamoja, mwaka mmoja wamejaa, unaofuata hawaonekani. Kwa hiyo tulipokuwa tunahangaika, walikuwa pale pale miguuni mwetu, kwenye nyasi.

Mwaka huu ndio mwaka wao. Binti yangu ana miaka kumi na moja sasa, ana simu yake, ana marafiki wa kwenda nao kuogelea, na kutembea na mama si jambo la kujisifia. Sikutaka kumlazimisha, nikakaa kimya Juni nzima. Juzi nimeingia kutoka kazini, nikakuta ratiba yangu ya zamu ameitoa kwenye mlango wa friji ameiweka mezani, na penseli pembeni.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "hii wiki ya pili ya Julai unaingia usiku mara ngapi?"